Kichwa cha Mdogo Wake

Msusi alikijua kichwa cha mdogo wake kama kiganja chake. Alimsuka kila Jumamosi tangu utotoni, na kila mara binti alipiga kelele, "Dada, unaninyonyoa kama kuku!" wakacheka mpaka mbavu ziume.

Binti alipofika miaka ishirini, kicheko kilikatika. Akawa haongei wala haogi, anashinda kitandani akiutazama ukuta. Msusi akamwita mvivu, na siku moja akammwagia maji. Binti hakushtuka hata kidogo.

Hospitalini, daktari aliwaonyesha picha ya ubongo.

"Ana skizofrenia, ugonjwa wa akili," alisema. "Kwa wengi wenye ugonjwa huu, sehemu za mbele za ubongo huwa nyembamba kidogo. Kimya hiki nacho ni ugonjwa, mama, si uvivu."

Jumamosi iliyofuata msusi alimketisha tena katikati ya magoti yake. Alisuka taratibu, kisha, Mungu amsamehe, akavuta nywele kwa nguvu ili amsikie akilalamika. Kimya. Alipoinama kumtazama, machozi yalikuwa yakimtiririka kwenye uso uliotulia kama wa mtu aliyelala.

"Imekuuma, mdogo wangu?"

"Imeuma."

Msusi akazifumua nywele zote, akaanza upya.