Nyayo Zilizotazama Upande Mmoja

Siku niliyorudi kutoka Ulaya niliinamisha kichwa mbele ya baba, kama mwana yeyote wa Kiarusha anavyomwinamia mzazi wake, naye akaniwekea kiganja utosini. Jioni ile nilisimulia Uskoti. Asubuhi yake niliinama tena, nikangoja. Nilingoja hadi shingo ikaniuma, macho yangu yakiwa kwenye vidole vyake vya miguu, kisha vile vidole vikageuka vikaenda zizini.

Ilikwenda hivyo miezi minne. Mtu asiyeguswa kichwa na baba yake anakula, analala, anachunga, lakini ni kama mgeni aliyesahau kuondoka.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Shule ya misheni niliiacha kabla ya kumaliza kitabu cha pili, kwa sababu mwalimu alishindwa kuniambia maji ya mto Themi yanaishia wapi. Nilimwambia baba nakwenda kuyatazama, nitarudi kesho kutwa. Maji ya Themi yanaingia Kikuletwa, ya Kikuletwa yanaingia Pangani, ya Pangani yanaingia baharini, nami niliyafuata yote. Tanga nikakuta meli ya Wajerumani inatafuta watia makaa. Nilirudi baada ya miaka mitatu. Hilo baba alilimeza. Kilichomkwama kooni ni habari ya mpira.

Meli yetu iliharibika mitambo, ikavutwa hadi Glasgow kutengenezwa. Tuliambiwa wiki mbili, tukakaa kipupwe chote. Nilipanga chumba karibu na gati pamoja na mtia makaa mwenzangu, mtu wa Unguja aliyekijua Kiingereza cha bandarini na aliyevaa makoti mawili hata akilala. Chumba cha pili alikaa fundi wa kugongelea misumari ya meli, Mskoti mwenye masikio yaliyoziba kwa kelele za nyundo, kwa hiyo kila alichosema alikisema kwa ukelele. Jumamosi moja alitugongea mlango.

"Anasema nini?" nikamuuliza Mwunguja.

"Anasema tukae humu tufe kwa baridi, au tuje tufe kwa raha."

Tukaenda naye kiwanjani. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa timu yake. Tuliifuata kila ilikokwenda, kwa treni ya daraja la mwisho, kwa miguu, safari moja juu ya gari la magunia ya viazi. Sikujua sheria nyingi. Nilijua mpira ukiingia kwao nishangilie, ukiingia kwetu nimlaumu mtu aliyevaa nguo nyeusi, na hayo yalitosha.

Lakini mimi kitu kikinivutia siridhiki kukiona kimevaa. Nataka kukiona pia kimevua. Nilinunua kamera ya boksi iliyotumika kwenye duka la vitu vya mabaharia, yenye ukanda mmoja wa picha sita, na katikati ya wiki, wakati hatuna kazi, nilianza kuvitembelea viwanja vikiwa vitupu. Kimoja kilikuwa nyuma ya kiwanda, moshi ukilala juu ya majani. Kingine kilikuwa kwenye mteremko, upande mmoja umeinuka kuliko mwingine kama shamba la Mmeru. Kingine kilizungushiwa mbao za mashua kuukuu. Nilipiga picha mlango wa goli kwa nyuma, nimepiga magoti kwenye tope, wavu ukiwa mbele ya macho yangu. Picha tano zikaisha hivyo. Ya sita niliiweka kwa ajili ya mechi kubwa.

Siku ya mechi kubwa nilifika na kamera kifuani. Kwenye kiwanja kile watazamaji husimama juu ya kingo za udongo na majivu, zilizokatwa ngazi na kuzuiwa kwa mbao. Tulijaa hadi mbavu za jirani nikazijua idadi. Mikono yangu ilibanwa ubavuni, nisingeweza kujikuna pua, sembuse kuinua kamera. Timu yetu ilipofunga, watu waliporomoka ngazini kama maji, nami nikiwa ndani yao, miguu ikining'inia. Kofia zilirushwa juu, zikawa nyingi kama kwelea. Fundi alinibusu shavuni. Mwunguja alipoteza koti moja na hakujali.

Picha sikupiga. Jumatatu asubuhi nilirudi peke yangu, mlinzi akanifungulia, nikapiga picha ya sita pale tuliposimama, ngazi zikiwa tupu. Duka la picha likanikuzia hiyo moja hadi ukubwa wa sahani.

Ndipo mjue nilikuja na nini Arusha. Nilisimulia kwamba nimeona watu wengi kuliko Waarusha wote na ng'ombe wao, wamesimama topeni kutazama wanaume wachache wakikimbiza ngozi iliyojazwa hewa. Kisha nikatoa ushahidi: picha sita za majani matupu.

Baba alizigeuza moja moja. Alikuwa mtu wa nyayo. Ng'ombe wakiibwa huku kwetu Olasiti, yeye ndiye aliyeitwa, na aliwahi kuwafuata wezi mpaka ng'ambo ya Terrat bila kuuliza mtu njia. Jioni ile moshi wa jikoni ulikuwa mwingi na yeye alikuwa na hasira, hakuzitazama sawasawa.

"Malisho mazuri," alisema. "Hayana ng'ombe. Hayana mchungaji. Watu wote hao uliowaona, hata mmoja hakuchelewa kuondoka?"

"Baba, nilipiga wakati hawapo."

"Ulikwenda kupiga picha ya watu, ukangoja waondoke?"

Ndugu zangu walicheka hadi wakashika matumbo. Yeye hakucheka. Alinirudishia picha na kusema kwamba mwana aliyepotea miaka mitatu anaweza kupokelewa, ila aliyerudi na uongo hajarudi.

Habari ikafika mjini kabla yangu. Rika langu, mwanamume niliyetahiriwa naye siku moja, aliniita Mwenye Majani, na jina likanishika. Nikipita Kijenge, watu nisiowajua waliniuliza kama ninauza nyasi. Ningeweza kuondoka tena. Miguu iliniwasha, nakiri. Lakini kila nikifikiria barabara niliona vile vidole vikigeuka kwenda zizini, nikabaki.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye duka la mfanyabiashara wa kutoka Pangani, chini ya boma la Wajerumani, mahali watu walipokuja kununua chumvi, shanga na tumbaku. Mwenye duka alipenda kuziona picha zangu kwa sababu ya wale Waskoti, alisema, ingawa Mskoti hata mmoja hakuwamo. Rika langu naye alikuwepo, akainyakua ile kubwa.

"Jamani, njooni muone zizi la Mwenye Majani! Ng'ombe wake ni wa upepo, wanakula na hawaonekani!"

"Nirudishie."

"Maziwa yao unakamulia wapi? Mfukoni?"

Watu wakakusanyika. Baba akatokea kati yao na ngozi mbili begani, amekuja kubadilisha na chumvi. Wote walimpisha, ila rika langu alikuwa ameshapanda juu ya gunia na hakuona njia ya kushuka.

"Shikamoo mzee. Hebu tuambie wewe unayejua malisho. Mbuzi wangapi watashiba hapa?"

Baba aliweka ngozi chini. Aliipokea picha, nadhani kwa ajili ya kuikunja na kumaliza aibu. Lakini jua la saa nne lilikuwa limesimama mlangoni pa duka, likaanguka juu ya karatasi, na nikaona mkono wake umesita. Alitoka nje. Aliinyoosha picha mbali na uso, akaiinamisha, akaigeuza upande jua linakotoka, kama alivyofanya na ardhi yenyewe alipotafuta kwato.

"Mvua ilinyesha lini?" aliuliza. Alikuwa hajanisemesha hadharani miezi minne.

"Ijumaa usiku, baba. Na Jumamosi asubuhi."

"Na hii?"

"Jumatatu."

"Katikati haikunyesha."

"Haikunyesha."

Akaguna. Rika langu alitaka kusema neno, mwenye duka akamvuta shuka.

"Ng'ombe," baba alisema, akiwaambia watu na siyo mimi, "hawasimami wote wakitazama upande mmoja. Hata wakiwa kwenye chumvi. Huyu atageuka, huyu atampiga mwenzake pembe. Tazameni hapa. Visigino vimezama huku, vidole vimeelekea kule. Na huyu hivyo. Na huyu. Ngazi nzima, na ya chini yake, na ya chini yake. Hawa walisimama muda mrefu, wamebanana. Na wote walikuwa wanatazama kitu kimoja."

Watu walisukumana kuona. Mimi mwenyewe niliinama nikaona. Nilikuwa nimeibeba picha ile kuvuka bahari na sikuwahi kuona kilichokuwamo.

"Halafu hapa wamekimbia," aliendelea, ukucha wake ukishuka ngazi. "Wote pamoja, kushuka. Na hiki nini?"

"Kofia, baba."

Ilikuwa kwenye kona, imekanyagwa katika tope, ukingo wake umesimama.

"Mtu anayedondosha kofia na asirudi kuiokota amekimbia simba, au amefurahi mno. Ni lipi?"

"Amefurahi. Mpira ulikuwa umeingia."

Alinitazama usoni. Kisha akanisogezea ile picha.

"Nyayo zako ni zipi?"

Nilijua nilikosimama, ilikuwa karibu na mbao ya tatu, na pale palikuwa na alama nzuri za viatu ambazo ningeweza kuziita zangu. Kidole changu kilikwenda. Nikakirudisha.

"Sijui, baba. Walinibana nikawa juu. Miguu yangu haikugusa chini."

Watu waliangua kicheko. Rika langu alipiga makofi, "Ehee! Hata yeye hakuwepo!" Baba aliinua fimbo, kicheko kikakatika.

"Mwongo angenionyesha," alisema. "Angekuwa na unyayo wake tayari, mzuri kuliko yote."

Akanitazama tena, akingoja kitu, na mimi kwa upumbavu sikuelewa. Mwenye duka ndiye aliyenisukuma mgongoni. Niliinama pale pale barabarani, mbele ya boma, mbele ya wauza ndizi na askari wawili waliokuwa wakipita, na kiganja cha baba kikashuka kichwani kwangu. Kilikuwa kizito, kinanuka ngozi mbichi na ugoro. Nilisikia watu wakishangilia. Naapa ilikuwa sauti ile ile ya Jumamosi ya Glasgow, na safari hii miguu yangu ilikuwa chini.

Rika langu alishuka guniani. "Mwenye Majani," aliniambia, "hiyo ngozi ya hewa, wanaijaza na nini?" Kwa mdomo, nikamwambia, na akasema basi yeye ana mdomo wa kutosha. Kila mtu alikubali.

Chumvi baba aliisahau, ikabidi nirudi kuikopa. Nilipomwona njiani alikuwa mbele sana, ngozi zake zimerudi begani, ile picha mkononi, amemsimamisha mtu wa pili au wa tatu. Nilimsikia kabla sijafika.

"Hapa," alikuwa akimwambia, kidole kikiwa juu ya karatasi pasipo na alama yoyote, "hapa ndipo mwanangu alipokuwa hewani."