Nusura nipande bati radi ikinguruma, kisa kitambaa cha mama mkwe

Jumamosi, Igogo. Tangu asubuhi wingu jeusi limetanda upande wa ziwani, na upepo wa kutikisa mabati.

Wakuu, salamu kwenu. Hili limenikuta mwenyewe leo. Sijaongeza kitu, na kama nimepunguza ni kwa aibu tu.

Mimi nafunga access point, vile visahani vyeupe vya kugawa wifi ndani ya nyumba. Kazi nimejifunza kwa kuangalia wenzangu, shule niliishia form two, kwa hiyo nikikosea mtanirekebisha.

Juzi juzi nilimfungia mama mkwe. Shemeji yangu kajifungua huko Nansio, kisiwani, na mama miguu inamsumbua, hawezi kusafiri na kivuko. Anachotaka ni kumwona mjukuu kwa video call. Basi.

Tatizo, kila wakipiga inashika kidogo halafu inakata. Mtoto hajaonekana hata sikio.

Leo nimeenda. Nimemwamkia nikiwa mlangoni, naye akaitikia kutoka jikoni. Si mnajua mambo ya ukweni.

"Mkwe, leo nitamwona?"

"Mtamwona, mama."

Kuingia sebuleni, kifaa changu kimefunikwa kitambaa cha kufuma, maua ya njano, kimenyooshwa vizuri. Kwa mama kila kitu kina kitambaa: tivii, redio, mpaka jagi la maji. Nikagusa kwa juu. Moto kama sufuria.

Jibu nilikuwa nalo pale pale. Kinakosa hewa, kinapata joto, kinajizima. Lakini nimwambieje mama mkwe atoe kitambaa chake? Na kukitoa mwenyewe ndio kabisa.

Nikaona afadhali nipande juu nikafunge kingine, cha nje, kwenye bomba la antena.

Ngazi nimeshaegemeza, radi inanguruma, Masalu, kaka wa mke wangu, akatoka na kikombe cha chai.

"Shemeji, wapi tena?"

"Juu, kufunga."

"Bomba la chuma, juu ya bati, earth ya kushusha radi ardhini hakuna, na waya wa umeme huo hapo kichwani. Wosia umeandika?"

Nikamweleza ukweli. Akacheka mpaka chai ikamwagika, halafu akapaza sauti: "Mama, mkwe wako anakuogopa kuliko radi."

Nikatamani mawe ya Igogo yanifunike.

"Kumbe na chenyewe kinapumua?" mama akasema kutoka jikoni. "Si ungesema, baba. Mimi niliona kimekaa uchi."

Kusema haki, siku nafunga sikumwambia. Simlaumu.

Masalu akatoa kitambaa. Nikachomoa umeme, nikaacha kipoe, nikakihamishia juu ukutani, mbali na pazia. Call ikaenda bila kukata. Mtoto alikuwa amelala tu. Mama akamtazama weee, mwisho akasema, "Hamwezi kumwamsha kidogo?"

Nilichojifunza: kifaa kiachiwe hewa, na mwenye nyumba aambiwe siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwe. Wingu likiwa hivi, ngazi ilale chini. Habari ya earth ya bomba la nje bado inanichanganya, wanaojua waniambie hapa. Na nyie ukweni mnayasemaje haya?

Jioni tumekula hapo hapo ukweni, ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha. Hotpoti imeletwa imefunikwa kile kitambaa cha maua ya njano. Nikabaki nakiangalia.

"Hicho funua tu, mkwe," sauti ikatoka jikoni.