Salamu Zilizoitangulia Gia

Saa mbili asubuhi mjini Katesh, baridi bado haijaondoka ofisini. Efrazia Bura anavuta kiti, anaipangusa mashine ya faksi kwa kipande cha kanga, kisha anafungua kifuniko kuona kama roli ya karatasi itatosha. Jiko la mkaa ameliweka mbali, kule mlangoni. Karatasi hii haitumii wino; maandishi yake hutokezwa na joto, na ikikaa karibu na moto hugeuka nyeusi tii.

"Bora nitetemeke mimi," anasema, akivuta shuka begani.

Efrazia, 36, mzaliwa wa Mbulu, ni karani wa shamba moja la ngano la serikali wilayani Hanang. Kazi yake ni kupeleka Arusha maagizo ya vipuri. Ukimwuliza mashine inafanyaje kazi, anatabasamu, na macho yake yanaelekea dirishani, unakoonekana mlima.

"Inasoma mstari kwa mstari. Palipo peusi inasema peusi, palipo peupe inasema peupe, na kule mashine nyingine inachora vilevile. Karatasi yenyewe inabaki hapa kwangu. Lakini mimi huwa naiona inakwenda. Naiona inapita juu ya nyaya, inateremka bondeni, ng'ombe wanalisha chini yake wala hawana habari."

Wenzake humtania kwamba anaota akiwa kazini. Hakatai.

Jumatatu ya wiki iliyopita, adabu yake nusura imponze. Kombaini, mashine ya kuvunia, ilikatika meno ya gia wakati ngano imekauka kabisa shambani, na mawingu yasiyo ya msimu yameanza kujikusanya. Ngano iliyokomaa ikilowa huchipua ikiwa bado kwenye suke, na hapo unga hakuna. Fundi Gidahosh alileta mchoro wa gia wenye vipimo vyote. Meneja, Bwana Reginald, alisema neno moja tu: "Leo."

Vipimo vilikuwa vidogo, kwa hiyo Efrazia akabonyeza kitufe cha mwandiko safi, ambacho huifanya mashine isome polepole ili namba zisishikane. Hapo hakukosea. Alikosea pale alipotanguliza, mbele ya mchoro, ukurasa mzima wa salamu.

Mpokeaji alikuwa Mzee Felician, mtunza ghala la vipuri huko Arusha. Efrazia hajawahi kumwona.

"Lakini ni mtu mzima, wa umri wa baba yangu," anajitetea. "Utamwambiaje mtu mzima unataka gia, na hujamwamkia? Kwetu mtoto akifanya hivyo anarudishwa mlangoni aanze upya."

Basi mashine ikazisoma salamu kwa madaha yake yote: shikamoo, habari za nyumbani, za mama, za mvua, za mifugo. Ukurasa huo ukafika. Kabla mchoro haujaanza kuingia, laini ikakatika. Efrazia akapiga tena na tena, lakini simu za kutoka Katesh zikawa zimegoma kabisa.

"Umetuma nini?" aliuliza Bwana Reginald.

"Salamu, mkuu."

"Salamu tu?"

Meneja akatoka bila kufoka, na hilo ndilo lililomuuma Efrazia zaidi. Anasema alilia, akiwazia shamba zima likigeuka kijani siku za mavuno, na kila mtu akijua ni kwa sababu yake.

Mchana simu ililia. Ilikuwa sauti nzito, ya taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Nimesoma salamu zako, hapa kwetu tunashukuru Mungu. Sasa niambie shida yako. Mtu hasalimii hivi halafu akanyamaza."

Efrazia akamweleza. Mzee Felician akamwambia auweke mchoro kwenye mashine na kuuacha tayari, asipige. Simu za kuingia Katesh zilikuwa bado zinapita, hivyo yeye angepiga kutoka Arusha na kuuvuta. Efrazia alijua kwamba mashine za faksi zinaweza kuvutiana kurasa namna hiyo, ila hakuwahi kujaribu. Mara ikasikika milio, mashine mbili zikitambuana, na mchoro ukaanza kuingia polepole bila yeye kugusa kitu.

"Nilishika kifua," anasema. "Niliona kama mtu wa Arusha amepitisha mkono dirishani, akauchukua."

Gia ilifika kesho yake kwa lori. Mvua ilinyesha Alhamisi ikalowesha kipande cha mwisho, lakini ngano nyingi ilikuwa imeshaingia ghalani. Gidahosh amekuwa akimwita Mama Shikamoo tangu siku hiyo.

Bwana Reginald hakumfukuza. Ametoa amri: mchoro kwanza, salamu baadaye, tena mistari miwili tu. Efrazia anaitii, ingawa kila akituma huona aibu, kama aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Anachotamani sasa ni mashine yake mwenyewe, katika kibanda kidogo karibu na soko la Mbulu. Akina mama wenye watoto mbali waje waandike kwa mikono yao, na mtoto aliyeko Dar es Salaam auone mwandiko wa mama yake siku ileile.

"Pale kwangu salamu zitatangulia," anasema, macho yakiwa yameshakwenda dirishani. "Hata zikijaza ukurasa. Na zikifika hizo tu, halafu laini ikakatika, mama atakuwa amefika."