Koko amekubaliwa université, mimi hapana

Watu ya Kisangani, leo koko wangu, baba ya papa, amekubaliwa université. Mimi, hapana.

Bon. Ilikuwa test ya kuingia université, programu ya wanafunzi wadadisi, wale wanauliza-uliza sana. Koko alinisindikiza tu, na koti yake ya kanisa.

Prof mumoja akagawa barua zilizofungwa kwa kila mutu aliyekaa, hata koko. "Mungoje." Akatoka.

Masaa mbili! Sikugusa. Koko mwenyewe alinifundisha: wakati ya rébellion, ile vita ya waasi, mwenye kujua mambo mingi hakurudi nyumbani.

Mara nasikia chwaa! Koko amepasua yake.

"Koko, unafanya nini?"

"Nimeogopa tangu rébellion, mutoto wangu. Leo nimechoka."

Ndani iliandikwa: "Mwenye kufungua amepita."

Prof akarudi, akaangalia barua yangu nzima-nzima, haijapasuliwa: "Na wewe, haukutaka kujua?"

Musinicheke!

Rébellion ilifunga masomo ya koko akiwa kijana. Donc lundi, Jumatatu hii, koko iko anaanza, na ameshachukua sac yangu ya madaftari.

Semeni kweli, nyinyi mungefungua?

Barua yangu nilirudi nayo nyumbani. Nikataka kuifungua, koko akanikataza:

"Acha, mutoto. Ya nini sasa?"