Fundi Cherehani na Mtoto Mapajani

Fundi cherehani wa mtaa wa Pasiansi hushona akiwa amempakata mwanawe Elias, mtoto wa miaka tisa ambaye shingo yake haijawahi kukaza. Hukanyaga pedali, kisha huacha katikati ya mshono ili asikilize pumzi za mtoto. Wateja wamezoea kungoja. Uji humnywesha kijiko kwa kijiko, akimpapasa koo kwa kidole gumba mpaka ushuke. Ukimsalimia, huitikia huku macho yake yako kwa mtoto.

Jana mchana jirani yake Awuor, muuza samaki, alitua beseni mlangoni.

"Mama Elias, umekula leo?"

"Amekula. Kamaliza uji wote, wala hajatapika."

"Nimekuuliza wewe."

Fundi aliacha kukanyaga pedali. Hakukumbuka kama alikuwa amekula. Awuor akamchukua mtoto taratibu, akamshika kisogo kama alivyozoea kumwona fundi akifanya. Mikono ya fundi ikabaki hewani, mitupu, haijui pa kwenda. Ndipo machozi yakamshuka. Akajiziba mdomo kwa sare ya shule aliyokuwa akiishona, akalia bila sauti, maana Elias akishtuka hupata degedege.