Barua ya Mkono wa Kushoto

Niliandika barua kwa mkono wa kushoto, nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni, nikarudi kuketi nikijiona mjanja kuliko watu wote kati ya Mbuya na reli. Huo ndio ujinga wenyewe. Nausema mapema ili mtu asije akadai nilimzungusha.

Kilichonikumbusha ni harufu. Juma lililopita, hapa sekondari, wametundika sanduku jipya nje ya ofisi, mbao bado zinanuka vanishi. Mwalimu wa nidhamu akatuambia tuandike chochote kinachotukera, bila woga, bila jina. Wenzangu wakanigeukia. Mimi ndiye mchekeshaji wa kidato cha tatu, walikuwa wanangoja niseme kitu. Lakini vanishi ile iliingia puani, nikawa tena mtoto wa miaka kumi na mmoja, darasa la sita, kaptula imenibana.

Shule yetu ya msingi ilikuwa bondeni, mjini Kampala. Upande mmoja kilima cha Mbuya, tulikotoka sisi watoto wa wanajeshi. Upande wa pili Namuwongo, kwenye reli, walikotoka karibu wengine wote. Darasa la sita, kama yote ya juu, liligawanywa mawili. La A lilikuwa na madirisha ya vioo, taa, na mwalimu kwa kila somo. La B lilikuwa kwenye stoo ya zamani ya mahindi nyuma ya jiko: mwalimu mmoja, ubao mmoja, na moshi wa posho, ugali wetu wa shule, kila siku bila kuuomba. Tuliambiwa B ni ya wale ambao Kiingereza chao hakijaiva. Ajabu yake, Kiingereza kilichokataa kuiva kilikuwa karibu chote cha watoto wa Kikongo waliokimbia vita. Juu ya bati la stoo walisimama karoli, wale ndege wakubwa wa jalalani wenye vipara, wakitazama chini kama wazee wa kanisa wanaongoja maziko yaanze.

Sisi wa A tuliwaita wenzetu wa B panya wa stoo. Nani alibuni jina hilo? Msiniulize. Haya basi, mimi.

Kulikuwa na jambo ambalo kila mtoto alilijua ingawa halikuandikwa popote: wa B hawakuandikishwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Mwalimu mkuu alitaka matokeo yang'ae, na wale wangeyatia doa. Walifika darasa la saba wakaambiwa warudie, wakarudia, wakaambiwa tena, mpaka wakachoka wenyewe na kupotelea relini. Mlango wa kutoka B ulikuwa mmoja na mwembamba: uwe wa kwanza mwaka mzima. Mwaka ule aliyepenya ni Furaha.

Furaha alikuja Kampala kutoka Bukavu akiwa mdogo. Alikaa stoo miaka miwili, kisha wakamleta A na kumpanga dawati moja nami. Alikuwa mrefu, mkimya, na aliandika kwa mkono wa kushoto, mkono ambao kwetu humpi nao mtu hata chumvi. Kiganja chake kilipita juu ya alichokwisha kuandika, kwa hiyo daima alikuwa na wino ubavuni mwa mkono, kutoka kidole cha mwisho mpaka karibu na kifundo. Nikambatiza Mama Wino.

"Weye niite unavyotaka," aliniambia, "ila usinitikisie dawati. Niko naandika."

"Unaandika nini usichokijua, Mama Wino?"

"Mwaka kesho nafanya mtihani." Aliisema kama mtu anayetaja siku ya arusi yake.

Sote wawili tulikuwa wa kuja. Mimi Mwacholi wa kaskazini, mweusi hasa, na wenzangu walipenda kusema umeme ukikatika nicheke ili wanione. Nilijifunza mapema kwamba ukijicheka wewe kwanza, wengine hubaki na makombo. Furaha hakujicheka. Hakuhitaji watu wampende. Alihitaji jina lake libaki kwenye kitabu cha mahudhurio cha A. Tofauti nyingine kati yetu sikuiona wakati ule, ingawa ilianikwa kwenye kamba nyumbani kwetu kila Jumamosi: gwanda la baba.

Wageni walikuja Jumatano, wazungu watatu ndani ya gari jeupe, na sanduku lao linanuka vanishi. Asubuhi ile mwalimu mkuu alitupanga kama mtu anayepanga nyanya sokoni, nzuri juu. Wa B walifungiwa stoo wakaambiwa wasome kimya. Mimi nikasukumwa mstari wa mbele.

"Okello, kaa hapa. Wewe ndiye wanayempenda kwenye picha."

Darasa likacheka. Nikacheka kuwashinda wote.

Mgeni mmoja, mama mwenye nywele nyeupe na sauti ya upole, alitufundisha haki. Kila mtoto ana haki ya kusoma, alisema, awe wa rangi yoyote, wa taifa lolote. Haki hugawiwi na mtu, umezaliwa nayo. Nilitazama dirishani. Karoli mmoja alikuwa ameinamisha shingo juu ya bati la stoo, kana kwamba naye anafuatilia somo. Kisha tukapewa karatasi. Andikeni lolote, mama yule akasema, msiweke jina, hakuna atakayejua.

Hakuna atakayejua! Mwambie mchekeshaji maneno hayo, halafu uone.

Mwandiko wangu ulijulikana shule nzima, maana kuta za choo zilikuwa zimeuzoea. Basi nikahamisha kalamu kwenye mkono wa kushoto, nikaandika herufi zikiyumba kama walevi:

"Mheshimiwa Mgeni, asante kwa haki. Naomba kuuliza kwa nini zote zimekaa A. Kule B tunayo moja tu, haki ya kunyamaza, na tunaitumia hata sasa hivi mnapopiga picha. Njoo utuone. Tuko nyuma ya jiko, fuata moshi. Ndimi mtiifu wako, Panya wa Stoo."

Sikuwa napigania mtu, jamani. Nilitaka kicheko. Nilichukua shida ya watu nikaifanya katuni, na kwa bahati mbaya kila neno lilikuwa kweli.

Mama yule hakungoja. Alifungua sanduku palepale, akachomoa karatasi chache, akafika kwenye yangu na kuisoma kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Macho yake yalilowa. Akaomba apelekwe nyuma ya jiko, na mwalimu mkuu akampeleka, akitabasamu kwa meno tu. Walipiga picha stoo. Waliwakumbatia watoto wawili watatu. Mama yule akasema aliyeandika ni mtoto shujaa. Saa saba mchana gari jeupe lilitoka getini.

Mwalimu mkuu alibaki amesimama getini mpaka vumbi likatua lote. Kengele ya chakula haikupigwa. Tulisikia harufu ya posho ikiungua jikoni na hakuna aliyethubutu kuuliza. Akaja polepole, akaingia darasani kwetu, akafunga mlango kwa komeo, akaiinua ile barua kwenye mwanga wa dirisha.

"Tazameni," alisema, sauti haijapanda hata kidogo. "Kila mstari una wingu. Mkono wa kulia ukiandika unaukimbia wino. Wa kushoto unaukanyaga."

Hakuuliza nani anatumia mkono wa kushoto. Hapakuwa na haja. Vichwa vya darasa zima viligeuka pamoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Furaha bado alikuwa ameshika kalamu.

"Simama. Nyoosha mkono."

Akanyoosha. Wino ulikuwepo, mweusi, mahali pake pa siku zote.

"'Kule B tunayo.' Wewe si ulitoka B? Tukakutoa, tukakuweka kwenye vioo. Hii ndiyo shukrani yenu, watu wa kukimbia?"

"Si mimi, mwalimu. Haki ya Mungu, si mimi."

"Haki," mwalimu mkuu akarudia, taratibu, kama anayeonja mboga iliyochacha. "Leo kila mtu ana haki."

Mimi nilikuwa nimekalia mkono wangu wa kushoto. Wino ulikuwepo pale pia. Niliuhisi ukiwasha kama upupu. Furaha akageuza macho akanitazama. Dawati letu lilikuwa moja. Kiwiko changu kilikuwa kimemgusa kila nilipomaliza mstari. Aliniona nikiandika tangu "Mheshimiwa" mpaka "Panya".

Alinitazama kidogo tu. Kisha akainama, akakusanya daftari zake, akaambiwa arudi alikotoka. Tulimwangalia kwa dirisha la vioo akivuka uwanja. Mlango wa stoo ulilia ukifunguka, ukalia ukifungwa. Mwalimu mkuu akachukua kitabu cha mahudhurio na rula, akachora mstari mwekundu juu ya jina lake, mstari mnyoofu sana. Ndipo kengele ya chakula ikapigwa.

Kesho yake Furaha hakuonekana A wala B. Kesho kutwa vivyo hivyo. Mimi niliendelea kuchekesha watu, ila vichekesho vilikuwa vinatoka na mimi sisikilizi. Ijumaa jioni nilishindwa. Mama ni fundi, hushona na kutia viraka magwanda ya wanajeshi pale kambini, na alikuwa kwenye cherehani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, tayari kukimbia.

Miguu yake ikaacha kukanyaga pedali.

"Yule msichana alikuona?"

"Aliniona."

"Na hakusema."

"Hakusema, mama. Alinificha."

Mama alinitazama kana kwamba nimesema kitu kibaya kuliko barua yenyewe. Alivua futi ya kupimia shingoni.

"Vaa viatu."

Tulimkuta mwalimu mkuu akifunga ofisi. Alipomwona mama alifungua tena, akapangusa kiti kwa kitambaa chake mwenyewe. "Karibu, mama afande! Afande yuko wapi siku hizi? Bado mpakani?" Mama akaniambia niseme. Nikasema, nikingoja kiboko, nikingoja ile rula na wino mwekundu.

Mwalimu mkuu akacheka. Nawaapia, alicheka mpaka akashika tumbo. "Panya wa Stoo! Kumbe ni wewe? Mama, watoto wa kiume hawa! Huyu atakuwa mwanasheria, nakuambia. Ana kipaji." Akatuma mtu dukani, nikaletewa soda, baridi, chupa inatoka jasho. Ni barua ileile. Ilikuwa mezani pale, mbele yetu, yenye mawingu yaleyale.

"Na msichana?" mama akauliza.

"Ah, yule." Kicheko kikapungua, hakikuisha. "Jina nilishalikata, mama. Kitabu cha serikali hakitaki michoro michoro. Na wale watu huhamahama, huenda hata wameshaondoka. Tusisumbuane. Msalimie afande."

Mama alisema asante. Sijawahi kusikia asante inayotisha namna ile. Jina la Furaha halikurudi kwenye kitabu kile, si mwaka huo, si uliofuata.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba Furaha alinificha. Niliipenda hadithi hiyo. Ilinifanya mtu anayestahili kufichwa. Ni juzi tu, nikiwa nimesimama mbele ya sanduku hili jipya, nimeelewa alivyonitazama siku ile. Hakuwa ananihurumia. Alikuwa anapiga hesabu, naye alikuwa hodari wa hesabu kuliko sisi wote. Angesema "ni Okello," nani angeamini mkimbizi juu ya mtoto wa afande? Angeongezewa kosa la pili, la uongo. Mgeni alituambia haki umezaliwa nayo, na labda ni kweli. Lakini Furaha alijua akiwa na miaka kumi na miwili kwamba kuzaliwa nayo ni jambo moja, na kufungua mdomo ukasikilizwa ni jambo jingine, na kwamba kwenye dawati lile moja, la pili nilikuwa nalo mimi peke yangu. Nami nililitumia kumwita panya.

Siku ile tulipotoka ofisini tulipanda kilima, mama mbele, mimi nyuma na chupa yangu ya soda ambayo sikuweza kuinywa wala kuitupa. Karibu na geti la kambi nilijitia moyo nikamwambia, "Mama, basi si yameisha? Nimeshasema ukweli."

Alisimama. Alinipokonya chupa, akaimwaga soda yote chini, polepole, mpaka tone la mwisho. Kisha akasema:

"Hayajaisha. Mimi sikukosewa, na yule mwalimu hakukosewa. Kesho asubuhi utashuka Namuwongo, peke yako, utauliza nyumba kwa nyumba mpaka uonyeshwe kwao. Utagonga, utasema jina lako, utasema ulichofanya. Wakikufukuza, vizuri. Na wewe ufukuzwe hata mara moja, ujue inavyouma."