Gari Lisilohitaji Jiwe

Mpaka leo nikipanda mlima wa Rulenge siangalii kushoto, kwenye ile migomba.

Ilikuwa wakati wa vita vya Kagera. Kijiji chetu cha ujamaa kilitakiwa kupeleka tela la maharage kwa askari, nami sikuwa na raha hata ya kukaa kitako. Mzee Bernado alitaka tela livutwe na lori lake la gia za mkono. Mimi nikapigania gari aliloliacha mtaalamu mgeni, ambalo gia zake hujibadilisha zenyewe. Nilibisha asubuhi nzima mpaka mwenyekiti akachoka, akanikubalia.

Katikati ya mlima huo, tela likiwa nyuma yangu, injini ikachemka. Nikasimama, nikazima injini, nikaliacha gari kwenye gia, kama tufanyavyo sisi ambao hendibreki zetu zilishakufa. Tairi lilikuwa limeegemea kibonge cha udongo. Gari likatulia, nami nikaamini gia imelishika.

Mzee Bernado, aliyekuwa akinifuata na lori lake lililobeba wanakijiji, alikuwa amenipita, akaliegesha mbele. Akashuka na jiwe la kuzuia tairi.

“Rudisha jiwe lako, mzee wangu,” nikamwambia. “Hili linajifikiria lenyewe.”

Nikawaelekea wanakijiji waliopanda lori lake, nikaanza kuwasifia gia za kisasa. Walinisikiliza, macho yao yakipita juu ya bega langu. Nyuma yangu migomba ikaanza kuvunjika, mmoja baada ya mwingine.

Mzee akaliweka jiwe chini taratibu.

“Kijana wangu,” akaniuliza, “na gia ya kurudi nyuma limejiwekea lenyewe?”